Namba Iliyosomwa Stoo

Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka 2010, baada ya ibada, nilisikia watu wakisema kuna familia iliyopinduka na gari ikielekea milimani. Eti mnyororo wa tairi, ule unaovalishwa ili gari lisiteleze kwenye theluji, ulilegea, ukapigapiga mpaka ukakata mpira wa breki. Nani? Wapi? Hakuna aliyejua. Lakini maneno hayo hayakunitoka. Hata nikikoroga uji, niliyasikia.

Sisi tunakaa mtaa wa Rågsved, huku Uswidi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa twende Dalarna, kwenye kambi ya kanisa. Barua ilisema mlima wa mwisho ni mkali, kila gari libebe minyororo. Jirani yetu Damian, mtu wa Bukoba, alikuwa na jozi mbili. "Nipeni tu namba ya ukubwa wa tairi," alisema.

Ijumaa, baada ya shule, mume wangu Egide alimtuma binti yetu Natacha, mwenye miaka kumi na miwili. "Nenda kwenye gari, futa theluji, uandike namba iliyo ubavuni mwa tairi la mbele."

Alirudi upesi na karatasi. Glovu zake zilikuwa kavu kabisa, nami sikujiuliza.

"Umesoma kwenye gari?"

"Ja, mamma," alijibu Kiswidi, bila kuniangalia.

Asubuhi Damian alileta minyororo. Nikasema tuivalishe hapahapa kwanza.

"Mama Natacha, kwani hivi ni viatu vya Krismasi?" Egide alinicheka, lakini akapiga magoti kwenye theluji. Aliivalisha magurudumu ya mbele, maana ndiyo yanayovuta gari letu. Ikafungika. "Haya, umeridhika? Niitoe, twende."

"Mbona inaning'inia?" niliuliza. "Si ndivyo ilivyokata breki za wale watu?"

Natacha akashuka garini analia. "Baba, tusiende! Jana sikuja huku. Kulikuwa na baridi sana. Nilisoma yale matairi ya stoo."

Yale ya stoo ni ya kiangazi, nayo ni mapana kuliko haya ya baridi.

"Kumbe nimewaazima minyororo ya matairi yaliyolala!" Damian alisema, akacheka. Kisha akamwinamia Natacha. "Futa machozi, mwanangu. Futa na theluji. Nisomee."

Alisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Damian akaleta ile jozi nyingine ndogo. Hiyo ilishika tairi sawasawa. Egide akasogeza gari kidogo, akaikaza tena, ndipo akaivua tukaondoka.

Mchana, chini ya ule mlima, Egide aliivalisha tena, tukaupanda polepole, minyororo ikinguruma, tukafika salama. Nilimshika Natacha mkono. "Baridi ingekuuma vidole dakika tano," nilimwambia. "Uongo wako ungetuumiza sote. Lakini ulisema kweli kabla hatujaondoka, na ndiyo maana tumefika."

Basi, haya myaepuke:

Usisome tairi lolote ila lililo kwenye gari.
Usiazime minyororo kama sufuria, bila kulinganisha namba.
Usingoje mlimani ndipo ujifunze kuivalisha.
Usivalishe magurudumu yasiyovuta gari.
Usiende mbali kabla ya kusimama na kuikaza tena.
Usizidi kilomita hamsini kwa saa, wala usiendeshe nayo kwenye lami kavu.
Ukiulizwa kama umeangalia, usiitikie "ja" kama hukwenda.