Kano Iliyofundishwa na Shangazi

Kano iligoma tena kwenye mzunguko wa pili. Emiliana Sulle ndiyo kwanza alikuwa anaongeza kasi katika uwanja wa jiji la Mbulu, roboti la kupima muda likikimbia pembeni yake, mguu wake wa kushoto ulipolegea na kuanza kuburuta. Ilikuwa mara ya kumi na moja wiki hiyo. Alikaa chini palepale, akavua kiatu akakirusha kwenye nyasi. Roboti likakifuata, likakirudisha, likamkumbusha kwa upole kwamba zimebaki siku kumi na tisa kufika mchujo wa taifa. Kana kwamba alikuwa amesahau.

Kano yake ya kuzaliwa nayo ilikatika mwaka uliopita akiongoza mbio za mita elfu kumi. Wafadhili waliokuwa wakimwita dhahabu ya taifa waliacha kupokea simu zake hata bandeji haijafunguliwa. Aliuza kiwanja chake cha pekee akanunua kano-fuasi, uzi wa maabara unaoshikana na nyama na kujifunza mwendo wa mwenye mguu. Mwalimu wake ni bangili inayovaliwa kwenye ule mguu mwingine, ulio mzima, kwa siku saba za kwanza. Kano hutazama kasi ya bangili, kisha hujiwekea mpaka: mara tatu ya kasi hiyo, basi. Asipopita mchujo huu harudi kambini, na kiwanja kingine cha kuuza hana.

Alikwenda kliniki amefura kwa hasira. Fundi Laizer, kijana mwenye subira ya kuudhi, akafungua kumbukumbu za bangili kwenye ukuta wa kioo. Mstari ulionyesha mtu aliyetumia dakika saba kwa mita mia nne, anayeegemea upande wa kulia, na anayesimama kila baada ya hatua hamsini hivi.

Emiliana aliutazama mstari ule. Kisha akageuka kumtazama shangazi yake Theodosia, aliyekuwa ameketi mlangoni na mkoba wake mapajani.

"Shangazi. Hizi ni salamu zako."

Theodosia hakubisha. Alieleza kwamba siku zile mtoto wake huyu alikuwa analia hata usingizini kwa maumivu, na karatasi ya kliniki ilisema lazima bangili itembezwe. Haikusema itembezwe na nani. Basi yeye akaivaa, akaenda nayo sokoni, kanisani na kwa majirani, siku zote saba, na nyonga yake mbovu, akisimama kumsalimu kila aliyekutana naye.

"Nilikuhurumia," alisema.

Emiliana alitaka kupiga kelele, lakini utampigia kelele nani, mtu aliyekulea? Alimuuliza fundi kama kano inaweza kufundishwa upya. Laizer akasema inaweza, ila ili mwizi wa viungo asiweze kuitumia, hupokea somo jipya kutoka kwa mwendo inaoujua tu. Mguu ulikuwa wa Emiliana; kano ilimjua Theodosia. Ili Emiliana apate kasi ya mchujo, shangazi mwenye miaka sitini na minane alipaswa kuvaa tena bangili na kukimbia mizunguko mitatu, kila mmoja chini ya dakika tatu na nusu, bila kusimama.

Jaribio la kwanza liliharibika kwenye kona. Yuda, mfagizi wa uwanja, aliinua fagio na kumwamkia, na Theodosia akasimama kuitikia, kisha akamuuliza habari za mkewe, watoto na ng'ombe. Jaribio la pili liliharibika palepale, kwa sababu ng'ombe alikuwa mgonjwa na hakuwa ameulizia vizuri. Emiliana alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hasira zilimkaba hadi akacheka, na kucheka kukamwongezea hasira.

Siku ya tatu shangazi alivaa raba za Emiliana na kujifunga kanga kiunoni. Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Katika wa pili mkono wake ukashika nyonga, uso ukakunjamana, na kila hatua ikamtoa mguno uliosikika hadi jukwaani. Hapo Emiliana akasahau mchujo, akasahau kiwanja. Aliingia njiani akanyoosha mikono kumzuia.

"Basi, shangazi. Inatosha."

"Toka njiani," Theodosia alisema bila kusimama, akihema. "Huruma ndiyo iliyotufikisha hapa."

Emiliana akatoka njiani. Macho yalimjaa machozi, lakini mzunguko wa pili ulipokamilika alisoma saa ya roboti na kuutangaza muda kwa sauti ile kavu ya makocha wake: dakika tatu na sekunde ishirini na saba, bado mzunguko mmoja.

Kwenye kona Yuda aliinua fagio. "Shikamoo, mama."

Theodosia akampita bila kuitika, akichechemea na kukimbia.