Makasha Ambayo Hayakufunguliwa

Saa saba na nusu mchana wa Jumapili, mke wa Mjuzi alirudi kutoka harusini akamkuta mama mkwe wake amelala sakafuni ukumbini, nyonga imevunjika, na chini ya kichwa chake amewekewa mto. Chumba cha gemu kilikuwa wazi. Aliita gari la wagonjwa, kisha polisi, na mwisho mumewe, aliyebaki harusini. Mumewe ndiye aliyefika wa kwanza.

Inspekta alipoingia, Mjuzi alikuwa amepiga magoti. Si mbele ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa akifungwa kwenye machela hatua chache kutoka hapo, bali mbele ya rafu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama polisi wanaweza kuchukua alama za vidole kwenye plastiki bila kuichubua.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kuona watu wakilia. Alijua tofauti kati ya chozi la mzazi na chozi la mali, na hakujisumbua kuficha kwamba ameijua.

"Mama yako anapelekwa hospitali," alimwambia.

"Najua, afande. Mke wangu atamfuata."

Jina la Mjuzi alijipachika mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na kitambi, na kila jioni alikaa mbele ya kamera kuwaelekeza wafuasi wake namna ya kuishi. Usinunue gemu siku inayotoka, subiri waliokosa subira wagundue kasoro zake. Usinunue padi ya kuchezea ya mtumba kabla hujaitikisa sikioni. Anayecheza kwenye simu si mchezaji, ni abiria anayepoteza muda. Na amri kuu kuliko zote: gemu ya thamani hainunuliwi ichezwe, hununuliwa ikae ndani ya plastiki yake. Kwa amri hiyo alijaza rafu tatu za makasha ambayo hayakuwahi kufunguliwa, na yeye mwenyewe alikuwa hajashika padi siku nyingi. Maoni yalimmalizia muda.

Kilichoibwa ni rafu ya kati. Ya chini na ya juu hazikuguswa, ingawa kwa maelezo yake ya juu ndiyo ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Mjuzi alisema mwizi alikuwa mjinga.

"Mjinga aliyejua ufunguo mlikouficha," Inspekta alijibu. Kitasa hakikuvunjwa, na ufunguo wa akiba, ambao hukaa ndani ya kiatu kikuukuu barazani, ulikutwa umeachwa mlangoni.

Mjuzi hakuhitaji kufikiri. Alimtaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi nao na kucheza gemu za simu. Mbele ya wageni Mjuzi alikuwa akimwita Abiria, na mara moja kijana wa watu alichoka akasema ipo siku atayatia moto makasha yote. Zaidi ya hayo, aliondoka harusini mapema na hakutaka kusema alikwenda wapi. Aliwekwa mahabusu jioni hiyohiyo. Dada yake alilia mlangoni mwa kituo, kisha akafuta uso akaenda wodini kumwangalia mama mkwe, kwa kuwa mwenye mama alikuwa nyumbani akirekodi video ya kutangaza msiba wake.

Jumatatu asubuhi shemeji alikubali kusema. Alikuwa amekwenda kutazama chumba cha kupanga. Hakutaka dada yake ajue kwamba anahama, asije akaingia ugomvini na mumewe. Mwenye nyumba, bibi mmoja asiye na haraka, alithibitisha kwamba walikaa naye hadi alasiri, na kwamba kijana alimrekebishia bomba bila kuombwa. Shemeji aliachiwa.

Aliyefuata kutajwa alikuwa mwenye duka la gemu. Mama wa Mjuzi alikuwa amewaambia askari jambo moja tu: aliyemwangusha alivaa kofia ya pikipiki, uso hakuuona. Mwenye duka alikuwa na pikipiki, na Mjuzi alikuwa amemchafua kwenye chaneli hadi wateja wakapungua. Lakini mchana ule alikuwa dukani akisuluhisha watoto wa watu wawili waliogombania mashine moja, na wazazi wao wote walimkumbuka.

Inspekta alimuuliza ugomvi wao ulianzia wapi.

"Alikuja na kasha kunionyesha, afande. Nikaligusa tu. Nikamwambia, bwana, plastiki hii haikuzibwa kiwandani. Sikumcheka. Kesho yake akawaambia watu kwamba mimi ndiye ninayeuza vitu bandia."

Kutoka hapo Inspekta alirudi nyumbani kwa Mjuzi na kumuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: makasha yale aliyanunua kwa nani. Ya rafu ya juu na ya chini aliyanunua madukani. Ya rafu ya kati, yote bila kubakiza, aliletewa na Swahiba, rafiki yake wa tangu utotoni, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi na mabango. Alisema Swahiba alikuwa na mtu wake ng'ambo wa kumtumia. Swahiba ndiye aliyemchapia hata bango lililoning'inia nyuma ya kamera.

"Na wiki iliyopita uliwaambia nini wafuasi wako?"

Mjuzi alisema aliwaahidi kwamba, kwa mara ya kwanza, atafungua kasha moja mbele yao. La rafu ya kati.

Inspekta aliivuta rafu kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na kasha moja, limeponyoka katika haraka ya mwizi. Alichomoa kisu kidogo. Mjuzi alimshika mkono, akamsihi, akasema likishakatwa halina thamani tena. Inspekta alimtazama hadi vidole vikalegea, kisha akalipasua.

Hamkuwa na diski. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi ngumu, vimekatwa sawasawa kwa mashine na kupangwa ili kasha liwe na uzito.

Katika kiwanda cha Swahiba vipande vya namna hiyo vilijaa chini ya mashine ya kukatia. Juu ya kabati palikuwa na gombo la plastiki laini na kikausha nywele cha kuibana kwa joto, na nyuma ya mlango ilitundikwa kofia ya pikipiki. Swahiba aliviangalia pamoja na Inspekta. Inspekta alimchukua hadi wodini na kuagiza Mjuzi aletwe.

Mama alikuwa ameegemezwa mito, mkwe wake akimlisha. Alipomwona Swahiba aligeuza uso ukutani.

"Mama," Inspekta alisema, "mwizi humkanyaga mtu akapita. Huyu alirudi kutafuta mto."

Mama aliurudisha uso. "Mtoto huyu nimemlisha tangu hajui kufunga vifungo vya shati," alisema. "Nilimshika mkono wa shati, akajivuta, nikaanguka. Nilimjua kwa kilio chake aliponiwekea mto. Ningemtaja vipi?"

Swahiba alipiga magoti pembeni ya kitanda akaomba radhi. Kisha alisimama, akamgeukia Mjuzi, na sauti yake ikabadilika.

"Tangu shuleni unaniita msindikizaji. Kila nikisema neno juu ya gemu unacheka, wenzako wacheke. Kasha la kwanza nililitengeneza nione kama utajua. Hukujua. Ukaliweka rafuni, ukalihubiri jioni nzima, ukasema harufu yake tu inatosha. Nikakuletea la pili. Hela yako nimekula, sikatai, lakini utamu ulikuwa kukusikiliza."

"Na kwa nini uliyaiba?" Inspekta aliuliza.

"Alitaka kulifungua. Ningekosa kazi kwa watu wote, kwa ajili ya mjinga mmoja. Mama sikujua kama yuko nyumbani. Wallahi sikujua."

Swahiba alipotolewa kwa pingu, Mjuzi alimfuata Inspekta hadi kwenye ujia. Aliongea kwa sauti ya chini. Aliomba kwenye jalada iandikwe kwamba makasha yaliibwa, basi. Hilo la bandia lingemharibia jina.

"Mama yako yuko nyuma ya mlango huo," Inspekta alimwambia. "Hujamuuliza kama anaumwa. Jina gani unaogopa liharibike?"

Akamwacha amesimama.

Juma lile Mjuzi alitoa video mpya. Aliwafundisha wafuasi wake namna ya kulitambua kasha bandia: gusa plastiki yake, lipime mkononi, usimwamini rafiki. Alisema yeye alishtuka mapema, akawasaidia polisi kumnasa mhalifu. Walimshukuru kwa maelfu.

Wakati wakimshukuru, mama yake alikuwa kwenye ujia wa hospitali akijifunza kutembea upya. Kwa mkono mmoja aliegemea fimbo. Mwingine ulishikwa na shemeji, yule Abiria, akimwambia pole pole mama, hatuna haraka.