Chafya ya Mtoto wa Kapsoya

Asubuhi hiyo mtaa wa Kapsoya ulikuwa kama siku zote. Nguo kwenye kamba, jirani akikaanga vitunguu, jua likikausha matope ya jana. Jepkosgei alikuwa amekaa kitandani na mtoto wake mchanga, na mtoto alikuwa amekataa titi tena.

Tangu watoke hospitali ni kulia tu. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Lakini mwili ulikuwa unanyauka kama mboga ya sukuma iliyosahauliwa juani. Ndipo mama mkwe, Hulda, akafika kutoka kijijini Sugoi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na ugoro kidogo kwenye karatasi. Akasema mtoto anangoja jina. Kwao Wakalenjin, aliyekufa hurudi kwa mtoto, na wanawake huwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya. Aliyetajwa hapo ndiye aliyerudi, na mtoto hutulia.

Jepkosgei, mtu wa kanisa, alimkumbusha kwamba Pasta Eliakim hufundisha kuzaliwa mara ya pili ni kwa maji.

"Maji mmempa akatapika," Hulda akasema. "Sasa tujaribu pua."

Kipchumba, baba mtoto, alibaki sebuleni. Hiyo ni kazi ya wanawake. Lakini hakuwasha televisheni, na kiti chake kililia kila jina lilipotajwa.

Hulda akaita babu. Akaita baba ya babu. Akaita yule aliyepigwa na radi, hata mlevi wa ukoo aliyelala barabarani akapitiwa na lori, maana mwenye shida hachagui. Akapaka ugoro puani. Wapi. Mtoto alinyamaza tu, akatazama mlango wa sebuleni. Macho ya mtoto mchanga hayashiki kitu. Haya yalishika.

"Wameisha," Hulda akanong'ona. "Wafu wetu wote wameisha."

Jepkosgei akamfikiria Kiplimo, ndugu mdogo wa Kipchumba. Huyo alienda Uganda kutafuta kazi, miaka sasa. Kipchumba ndiye alikuwa akipokea simu zake na kuleta salamu, na huku akilima shamba la Sugoi lote, lake na la nduguye. Mtu hai haitwi kwenye shughuli hii. Ukimwita umemchimbia kaburi. Lakini titi lilikuwa limejaa mpaka linauma, na mtoto alikuwa anapumua kama kifaranga kilicholowa.

Akainamisha mdomo sikioni.

"Kiplimo."

Mtoto akapiga chafya. Akapiga nyingine. Kisha akashika titi, akanyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Hulda hakupiga vigelegele. Uso ulimshuka wote. Sebuleni kiti kikaanguka.

"Kipchumba," akaita polepole. "Ndugu yako alipiga simu lini?"

Kiti kikainuliwa.

"Jumapili, Mama."

Mtoto akaachia titi. Akapiga chafya tena.

Mlango wa nje ukafunguka. Walipotoka kuangalia, Kipchumba hakuwepo, na viatu vyake vilikuwa bado chini ya meza.

Usiku huo Jepkosgei hakumweka mtoto chini. Alilala naye kifuani, amemfunga kwa shuka.

Kulipokucha, jirani wa Sugoi akampigia Hulda simu. Kipchumba amekutwa nyuma ya zizi, ndani ya lile shimo la choo cha zamani alilolifukia mwenyewe mwaka ule Kiplimo alipoondoka. Amelichimbua kwa mikono. Kucha zimetoka. Amekaa na mifupa, na mshipi ambao Hulda alimnunulia Kiplimo alipotoka jandoni. Polisi wako njiani.

"Lakini Mama Hulda," jirani akasema, na sauti ikapungua, "anasema hakuchimba peke yake. Anasema kuna mikono midogo ilimsaidia."

Hulda akakata simu. Hakulia. Alifungua shuka kifuani mwa Jepkosgei, akashika ngumi ya mtoto, akaikunjua kidole kimoja kimoja.

Chini ya kucha kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, wenye harufu ya shimo.

Wakamwosha. Wakakata kucha kwa wembe. Mtoto hakushtuka. Alikuwa ameshiba.

Siku hizi amenenepa, mashavu yamejaa, na majirani wanasema jina limemkubali. Ila kila akiogeshwa, maji ya karai hubaki meusi.