Shii, Mama Asisikie

Alhamisi ni siku ya pilau, na pale Samarkand, mji wa Uzbekistan, hakuna nyumba isiyonukia. Oydin, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa akikata karoti jikoni. Mama alipotoka kuchota maji, Oydin alichopoa vipande viwili vya mafuta ya mkia wa kondoo yaliyokaangwa, akavifunika kwa mkate, mbio hadi uani kwa baba yake, Botir.

"Ini langu wewe!" Baba akamnong'oneza. Hivyo ndivyo watu wa kwao humwita mtu wampendaye. "Shii! Mama asisikie."

Daktari alikuwa amemkataza mafuta. Mwili ulikuwa umemzidi, na ini lake lilikuwa limejaa mafuta. Lakini kila Alhamisi Oydin alimwonea huruma.

Jioni akafika shangazi Zulayho, dada yake Baba, mtafiti wa maradhi ya ini. Alikuja na majibu ya vipimo, na uso wake haukuwa na raha.

"Kaka, mbona ini limezidi kuharibika?"

"Sijui! Nakula majani kama punda," alisema Baba, macho chini.

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Basi ni mapishi yangu."

Maskini Mama! Oydin aliumia moyoni. "Shangazi, ini linajuaje kama mtu amekula kidogo tu?"

"Ndani ya seli zake mna vitu vidogo mno, vinaitwa maikroRNA. Kazi yake ni kunyamazisha amri. Seli ikiambiwa 'Choma mafuta haya,' vyenyewe vinasema 'Shii!' Vinatufaa vikiwa kwa kiasi. Mtu akinenepa mno, baadhi yake huzidi. Amri haisikiki, mafuta yanarundikana, na ini halilii wala halilalamiki."

Oydin akaangua kilio. "Basi ni mimi! Nampelekea Baba mafuta kwenye mkate, halafu tunasema shii!"

Mama alimtazama Baba. Baba akamvuta binti yake kifuani. "Msimlaumu mtoto. Mimi mtu mzima ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Nisamehe, mke wangu."

"Atapona?" Oydin aliuliza kwa kwikwi.

"Akipunguza mwili taratibu, akatembea kila siku, ini huweza kurudi katika hali nzuri," alisema shangazi. "Bado hajachelewa."

Pilau ikaletwa. Kwa desturi, ampendaye mwenzake humlisha tonge kwa mkono wake. Baba akafumbua mdomo. Oydin akachambua karoti na dengu, bila hata kipande kimoja cha mafuta, akamtia kinywani.

"Punda amelishwa!" Baba alisema huku akitafuna, na Mama akacheka hata machozi yakamtoka upya.

Shangazi akampapasa Oydin kichwani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimpenda mtu, ini langu, usimfichie linalomdhuru. Sema, hata kama sauti inatetemeka."

Baba alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu vyake. "Haya, ini langu, twende tukatembee. Na tuage kwa sauti, Mama asikie!"