Mwanamume Ndani ya Mboni

Walikutana ngazini, adhuhuri, lifti imekufa na jengo zima limemiminika kwenye ngazi moja. Mpigapicha alikuwa akishuka na bahasha ya picha za pasipoti. Mwanamke alikuwa akipanda, gauni la samawati, viatu mkononi. Wakapigana kikumbo, nyuso hamsini zikatawanyika hadi chini.

"Wateja wako wote wamenuna," mwanamke alisema huku akiziokota. "Unawapiga picha, au unawapiga tu?"

Alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya nne. Studio ya mpigapicha ilikuwa ya kwanza. Kufikia mwezi wa tatu wa mapenzi yao, karani alikuwa akimwita "Bwana Picha" mbele za watu, na "roho yangu" kwenye simu.

Siku moja karani akamtumia picha aliyopigwa na dada yake mkubwa chumbani kwao. Alitaka ikatwe ukingo tu. Mpigapicha akaikata, na kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia, akaongeza nukta ya mwanga kwenye kila mboni, kama anavyomfanyia kila mteja. Bila nukta hiyo jicho huonekana limelala. Mkono ulishazoea, akili iko kwingine, akasahau.

Wiki tatu baadaye mpigapicha alitaka kuichapisha kubwa, iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa ya karani. Akaikuza mpaka jicho likajaa kompyuta nzima. Ndani ya nukta kulikuwa na dirisha, na mbele ya dirisha amesimama mwanamume.

Wivu haukumpa nafasi ya kufikiri. Akapiga simu.

"Nani alikupiga ile picha?"

"Dada. Si nilikwambia, mpenzi?"

"Dada yako ana mabega ya kiume?"

Hakukomea hapo. Alisema dada mtu ndiye kuwadi wake. Neno lenyewe lilimchoma ulimi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Karani alimjibu polepole kwamba dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, kisha akakata simu, na kwa siku nne hakuipokea tena.

Siku ya tano mpigapicha alikuwa akisafisha picha ya mzee mmoja anayestaafu. Alipoikuza, ndani ya jicho la mzee alisimama mwanamume yule yule, dirisha lile lile. Akafungua picha ya bibi harusi, yumo. Ya mwalimu mkuu; yumo. Ndipo alipokumbuka: nukta ile aliinakili zamani kutoka kwenye jicho la mteja aliyempiga picha hapo hapo studio, na tangu siku hiyo amekuwa akiwabandika watu wote. Dirisha ni lake. Mabega ni yake, hata mkanda wa kamera ni wake. Alikuwa amejionea wivu mwenyewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akapanda ghorofa ya nne. Benchi lilijaa wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba. Alimwomba karani watoke nje kidogo. Karani akasema yuko kazini, mwenye neno aliseme hapo. Basi akalisema lote, macho chini. Mgonjwa mmoja alijaribu kucheka, akashika taya.

"Uliniona nimefifia, ukaniongezea mwanga," karani alisema. "Ukauona mwanga wako mwenyewe, ukanishuku mimi. Mimi nitakusamehe, maana nakupenda. Lakini tusi ulimtukana dada."

Jumapili mpigapicha alikwenda nyumbani kwa akina karani, shati jeupe limepigwa pasi, makwapa yameshalowa. Dada alikuwa uani akianua nguo. Alimsikiliza huku akiendelea kuzikunja.

"Dada, nilikuita kuwadi," mpigapicha alimaliza. "Nilikuwa nataka kuposa nyumba hii. Sasa sijui kama bado nina uso wa kuposea."

Dada aliomba kuiona picha. Akamwangalia sana yule mtu mdogo ndani ya jicho la mdogo wake.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Jumamosi njoo na baba yako, posa naitaka. Ila tusi lile utalirudia mbele yake, lilivyotoka, ajue nimesamehe nini."

Mpigapicha aliitikia kwa kichwa. Maishani mwake, baba yake alikuwa hajawahi kumsikia akitukana.