Karani Hasemi Haiji

Jioni ile nilitumwa mkaa tu. Muuza mkaa alinijazia kopo, kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni.

“Msalimie baba yako. Mwambie aniwekee siti ya dirishani.”

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Nilishazoea.

Tunaishi kwenye stesheni ambayo haijaona treni kwa miaka tisa. Chumba chetu ndicho kilichokuwa ofisi ya tiketi, na baba ndiye aliyekuwa karani. Zamani wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi walijaa hapo jukwaani kila jioni, wakingoja treni iwarudishe kwao ng’ambo ya mto. Halafu ikajengwa barabara, na treni ikaonekana mzigo. Reli ziling’olewa. Mabenchi yalichukuliwa. Hata saa ya ukutani ilibebwa, ikabaki alama ya duara. Baba peke yake ndiye aliyeachwa, kama kitu kisichouzika.

Mimi niliacha shule kidato cha pili ili nimwangalie. Mtaani walisema haumwi, ni mchawi tu, anafuga misukule humo ndani. Walikuwa na sababu. Kila giza lilipoanza kuingia, baba alivaa koti lake la kazi, akafungua kidirisha cha tiketi, akaongea na hewa.

“Imechelewa, ndugu zangu. Vumilieni kidogo.”

Kisha alifunga, akalala. Mimi sikuogopa. Niliona aibu.

Jioni ile nilimkuta anatetemeka kwa homa, koti kalivaa mkono mmoja.

“Mama,” alinong’ona. Huniita hivyo anapokuwa na shida. “Leo simama wewe dirishani.”

“Nimwambie nani nini, baba?”

“Wakigonga, sema imechelewa. Basi. Karani hasemi haiji. Hata iwe imetumbukia mtoni, karani anasema imechelewa.”

“Si uongo huo?”

Alilivuta koti mabegani. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Siku ya mwisho, simu ilipigwa mchana: treni ya jioni imefutwa. Mkuu wa stesheni akamwambia, wewe uza tu, usilete fujo. Baba akauza tiketi saba. Watu wakangoja. Kila walipouliza, alisema imechelewa. Giza lilipoingia, alifunga dirisha, akatokea mlango wa nyuma. Wale saba wakaamua kufuata reli kwa miguu. Pale darajani mafundi walikuwa wameshang’oa mataruma, vile vigogo vinavyobeba reli. Hakuna aliyewaambia, na gizani wote saba wakatumbukia mtoni.

“Wakiambiwa imechelewa, wanangoja,” baba alisema. “Wakingoja, hawafiki darajani.”

Nilidhani ni homa inayosema.

Kisha nikasikia...

Ko. Ko. Ko.

Ncha za vidole juu ya ubao. Harufu ya kutu na matope ya mtoni ikapenya chumbani. Nilifungua kidirisha kidogo tu. Nje niliona giza, na ndani ya giza, pumzi za watu wengi.

“Karani,” sauti ya mwanamke iliniita kwa adabu. “Treni bado? Nina mtoto mchanga, nimemwacha kwa jirani.”

Neno la baba lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimfikiria yule mtoto. Miaka tisa! Ni mkubwa sasa, na bado mama yake anadanganywa. Nilidhani namtendea wema.

“Mama... haiji. Nendeni mkapumzike.”

Pumzi za nje zikakoma.

“Haiji?” mmoja akauliza.

“Haiji,” mwingine akajibu. Neno likapita mdomo hadi mdomo, mpaka wa saba.

Halafu sauti ya mwanamume, taratibu, bila hasira:

“Basi tutembee. Na karani aliyetuuzia tiketi atusindikize. Yeye anajua daraja likoje.”

Nyuma yangu kitanda kililia. Baba alikuwa amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote. Hakutetemeka tena.

“Baba, usiende. Nitawaambia nimekosea.”

“Nimewachelewesha vya kutosha, mama.”

Nilimshika koti. Lilikuwa limelowa chapachapa, na nje hapakuwa na mvua. Alinibandua vidole, kimoja kimoja, akafungua mlango wa jukwaani.

Asubuhi mimi na shangazi niliyemwendea tulikuta nyayo za mtu mmoja tu kwenye tuta la reli. Ziliishia darajani. Mto haujamrudisha mpaka leo. Shangazi anasema homa ilimpanda kichwani. Muuza mkaa anasema misukule wamemgeukia bwana wao, ila sasa ananijazia kopo bila kunitazama. Mimi sijui. Najua neno lilitoka mdomoni mwangu.

Shangazi anataka nihamie kwake. Nimekataa; nilitaka baba akirudi akute mlango una mwenyewe.

Jana, giza lilipoanza kuingia, kidirisha kiligongwa. Kidole kimoja. Matope yakanuka. Nilijikunyata chini ya kaunta, nikingoja niulizwe habari za treni.

“Mama,” sauti ikasema. “Umekula?”

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Alingoja... Alingoja sana. Kisha nikasikia hatua zake zikishuka jukwaani, kuelekea mtoni.

Nilikuwa sijala.