Togwa ya Sakitu

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Matogoro, Adela alichukua kibuyu na kushuka bondeni kuteka maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 1906, na baridi ya Songea ilikuwa inakata masikio. Kule chini bondeni nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Alipozikanyaga zilivunjika, na nyuma yake ukabaki mstari wa nyayo nyeusi.

Akirudi, alikoka moto na kuchemsha ming'oko, vile viazi vya porini. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chao cha asubuhi, na cha jioni pia kama kilibaki. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma nyumba, wakachoma maghala, wakafyeka hata mahindi mabichi. Aliyewatuma alikuwa amekaa bomani, anakula nyama. Na kabla yake, wakubwa wetu wenyewe waliwanywesha watu maji ya dawa, wakawaapia kwamba risasi zitageuka maji. Baba wadogo wawili wa Adela waliyanywa. Hawakurudi. Mama yake alifia msituni kwa kuhara, mvua ikimnyeshea, kwa sababu nyumba ya kumlaza haikuwapo tena.

Walipokwisha kumzika, baba yake, Mzee Chande, alimshika mtoto mkono. Walitembea siku saba hadi Ziwa Nyasa, mahali ambapo vita havikuwa vimefika. Walikaa ufukweni miezi mitatu. Baba alivuta nyavu za watu, na Adela akaanika dagaa.

Bibi mmoja wa Kinyasa aliyewapa kibanda alikuwa na desturi ya kufukia mtungi wa togwa, kile kinywaji kitamu cha uji na kimea, kwenye mchanga mbichi, karibu na mawimbi. Jioni togwa ilitoka baridi kama maji ya chemchemi. Siku moja baba na mwana waliketi mchangani, miguu majini, wakanywa. Povu jeupe lilimganda baba kwenye masharubu.

"Baba, umezeeka ghafla!" Adela alisema akacheka.

Mzee Chande alijipangusa, akautazama mkono wake, naye akacheka. Tangu mama afe, Adela alimsikia baba yake akicheka mara hiyo moja tu.

Mwezi wa tano walirudi Songea. Ujira wa baba ulikuwa kilindo kimoja, yaani mkebe wa gome la mti, kilichojaa ulezi. Alikificha kilindo hicho bondeni, chini ya mwamba, kwa kuwa askari walikuwa bado wanazunguka wakinyang'anya chakula.

"Hiki si chakula," alimwambia Adela. "Hii ni mbegu. Mvua zikija hatuna kingine cha kupanda. Hata ukiniona nimelala kwa njaa, usiiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alisikia kweli. Lakini kila siku alimwona baba yake amekaa kimya mlangoni mwa kibanda walichojenga, macho kwenye majivu ya nyumba yao ya zamani. Adela akawaza, laiti Baba angeonja tena ile togwa ya ufukweni. Basi asubuhi moja alisogeza jiwe, akachota konzi mbili za ulezi.

Aliuloweka, akauotesha ndani ya majani, akauanika, akausaga. Akapika uji wa unga wa muhogo uliobaki kutoka ziwani, akautia kile kimea hadi ukawa mtamu. Kwanza alifukia togwa yake mchangani kando ya kijito, kama yule bibi. Ilipoa tu. Kesho yake aliimimina kidogo kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, akakiweka bondeni juu ya majani makavu, akakiacha wazi. Alfajiri alikuta togwa imeshikana, ngumu, inang'aa.

Alimpelekea baba mbio.

"Nini hii?"

"Onja kwanza."

Mzee Chande alimega, akatia mdomoni, akaruka. "Yaa! Meno yangu!" Kisha akatafuna polepole. Uso wake ukalegea. "Kama ile ya mchangani."

"Ile ilinyweka, Baba. Hii inatafunwa."

Baba alitabasamu. Mara uso ukakunjamana. "Kimea umekitoa wapi?"

"Nimeokota masuke kwenye shamba lililoungua."

Baba alimtazama kitambo, akaamini. Adela naye, baada ya siku chache, akarudi kwenye mwamba. Akachota konzi nyingine mbili, halafu mbili tena.

Asubuhi moja, kwenye kivuko, alikutana na Biasha, binti wa askari mmoja wa boma aliyeitwa Bakili. Biasha alikuwa amevaa shanga na kanga mpya.

"We mtoto wa msituni, umebeba nini kwenye hicho kigae? Kamasi za chura?"

"Onja uone kama ni kamasi."

Biasha alionja. Macho yakamtoka. "Weee! Tamu! Umeipika kwa moto gani?"

"Kwa baridi," Adela alijibu huku kifua kimemjaa. "Bomani kwenu hakuna."

Alimpa kipande kikubwa akifunge kwenye jani. Kesho yake mchana Biasha alikuja mbio, amefurahi.

"Baba kailamba yote! Akaniuliza kama kwenu mna ulezi. Nikamwambia wanao bila shaka, togwa inatokana na nini? Kesho asubuhi anakuja na wenzake wawili. Tengeneza nyingi, sawa?"

Adela aliitikia, "Sawa." Biasha hakujua alichokisema, lakini yeye alikijua. Askari watatu hawatembei asubuhi kwa ajili ya kigae kimoja cha togwa.

Mchana ule wote alikusanya kuni ambazo hazikuhitajika. Labda hawatakuja, alijiambia. Labda Baba hatajua. Akamwona baba yake ananoa jembe, akipima makali kwa kidole. Jembe lile lilikuwa linangoja mbegu. Adela akatupa kuni chini.

"Baba, nimekudanganya."

Alisema yote: konzi za ulezi, masuke ya uongo, Biasha, askari. Akafumba macho angoje kofi. Kofi halikuja. Mzee Chande alikuwa analitazama jua.

"Bado kuna mwanga," alisema. "Inuka. Na tupite juu ya mawe."

Walitoa kilindo chini ya mwamba, wakatembea ndani ya kijito ili wasiache alama. Baba hakukimbilia msituni. Alienda moja kwa moja kwenye majivu ya nyumba yao ya zamani, akachimba katikati, akakizika kilindo humo.

"Hapa wameshapachoma wenyewe," alisema. "Hawawezi kurudi kutafuta chakula hapa."

Asubuhi Bakili alifika na wenzake. Walifuata njia ambayo miguu ya Adela ilikuwa imeifanya, imenyooka kwenye sakitu kama kamba, mpaka kwenye mwamba. Walikuta shimo tupu na punje chache za ulezi.

"Uko wapi ulezi?" Bakili aliuliza.

"Tumekula," alijibu Mzee Chande.

"Wote?"

"Njaa, bwana."

"Lala chini."

Wakampiga viboko vya boma, vile vilivyoitwa hamsa ishirini, ishirini na tano visivyopungua. Adela alifungua mdomo ili aseme. Baba yake, shavu likiwa kwenye vumbi, alimkazia jicho. Adela akaufumba. Askari wakachukua jembe na kuku wao wa mwisho, wakaondoka.

Siku tatu Adela alimkanda baba yake mgongo kwa maji ya moto na majani. Siku ya nne aliuliza, "Baba, mbona wewe ulimdanganya Bakili?"

"Bakili alikuja kunipora. Sina deni la ukweli kwa mtu wa namna hiyo. Wewe unakula na mimi chungu kimoja. Ukinidanganya wewe, nitajificha wapi?"

Adela akainamisha kichwa. "Umepigwa kwa ajili yangu."

"Nimepigwa kwa ajili yako, ndiyo. Sitakuficha." Alijiegemeza kwenye kiwiko. "Lakini sikiliza. Wakubwa wetu waliona watu wa kwanza wakianguka kwa risasi. Waliona kwa macho yao kwamba ile dawa ni maji matupu. Hakuna aliyesimama akasema, jamani, tumekosea, rudini. Waliona haya. Wakaendelea kuwapeleka watu, na baba zako wadogo wakiwemo. Wewe ni mtoto, ulikosa, ukasema jua halijatua. Umechelewa nusu siku, hatukuwahi kuhama, ndiyo maana nalala kifudifudi. Ungechelewa siku nzima, mwakani tungekufa sote wawili. Ukikosa, sema. Sema upesi, hata ukiogopa."

Mvua zikanyesha. Walilima kwa kijiti kilichochongwa, wakapanda. Mbegu haikutosha. Pembe moja ya shamba ilibaki tupu, kiasi cha konzi sita, na kila walipopalilia Adela aliizunguka. Kijijini watu wengi walikufa mwaka ule. Wao wawili walivuna.

Mwezi wa saba ulipofika tena, Adela aliamka akakuta mkeka wa baba mtupu. Akatoka nje. Mzee Chande alikuwa anapanda kutoka bondeni polepole, kwani mgongo wake haukunyooka tena, na nyuma yake kwenye sakitu kulikuwa na mstari wa nyayo nyeusi. Mikononi alikuwa ameshika kigae.

"Onja kwanza," alisema.